Matembezi ya Miguu Mjini Bariadi: Werevu Usioandikwa Daftarini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na makarani wa Bariadi asubuhi ya matembezi, na kuchapwa hapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa mbali.)



Twawashukuru kwa kufika mapema, maana jua la Usukuma halimngoji mtu, na kazi tuliyopewa na Halmashauri ya Chama ni kazi ya kutembea, si ya kukaa. Tumeagizwa tuwaongoze kwa miguu katika mji huu na pembezoni mwake, tukiwaonyesha mambo yaliyobuniwa na watu wa nchi hii, na jinsi yalivyobuniwa. Lakini kabla hatujaondoka barazani yafaa tuseme maneno kidogo, ili macho yajue yanatafuta nini.

Wengine wenu mmetuuliza tangu juma lililopita, "Bariadi kuna nini cha kutazama?" Mgeni akifika Unguja huonyeshwa Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi, akifika Kilwa huonyeshwa magofu ya msikiti mkuu. Hapa kwetu hapana mnara, wala ngome, wala lango la nakshi. Basi sisi twajibu hivi: mambo yaliyobuniwa hapa hayakujengwa kwa mawe. Yamejengwa kwa udongo, kwa majani, kwa mizani, na kwa mapatano baina ya watu. Kwa sababu hiyo mtu aweza kupita juu yake kila siku akienda kazini asijue kwamba amepita mahali penye heshima.

Tena, wenzetu, tuna jambo moja ambalo tutalisema mwanzo na kulirudia mwisho. Sisi ni watu wa kalamu. Wazee wetu waliounda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kule Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, hawakuwa na nguvu nyingine ila kalamu na adabu. Na wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Twajua kuitumia methali hii kwa fedha. Leo twataka kuitumia kwa werevu.

KITUO CHA KWANZA: BARAZANI

Hapa tuliposimama ndipo pa kuanzia, maana hapa ndipo habari za nchi huandikwa, na mara nyingine ndipo hupotea.

Tulipokuwa tukitayarisha matembezi haya tulikwenda katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tukaomba kuona daftari za miaka ya 1950 zihusuzo kilimo. Mtunza stoo alitupokea kwa wema, akatufungulia mlango, akatuonyesha rafu. Mchwa walikuwa wamefika kabla yetu. Mafaili yaliyokuwa chini yamekuwa udongo. Ukigusa jalada lasimama, ukilivuta lamwagika. Yaliyosalia yalikuwa yale ya juu kabisa, nayo yalikuwa vitabu vya stakabadhi za faini: fulani ametozwa kwa kutofunga matuta, fulani kwa kutolima mihogo kipimo alichoagizwa. Tukakaa kitako tukazisoma. Mwandiko ulikuwa mzuri sana, mwandiko wa karani aliyefundishwa vema. Lakini katika kitabu kizima hapakuwa na mstari mmoja ulioeleza huyo fulani alikuwa akilima namna gani, wala kwa nini alikataa.

Hapo tuliona haya, ijapokuwa si sisi tulioandika. Maana kama mtu wa mbali angepewa kitabu kile peke yake ili aijue nchi yetu, angedhani ilikuwa nchi ya wabishi watupu. Tuyashike maneno haya, tuondoke.

KITUO CHA PILI: MTEREMKO

Sasa twashuka taratibu kutoka mwinukoni kuelekea bondeni. Twawaomba mtazame chini, msitazame maduka.

Juu kabisa mwaona mchanga mwepesi uliomomonyoka katika mawe. Wasukuma huuita luseni. Ukishuka, udongo wabadilika rangi na ugumu. Kuna itogolo, ambao chini yake mna tabaka gumu lizuialo maji. Na chini kabisa bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi. Kuna na ibushi, wenye chokaa, na majina mengine ambayo wazee watawatajia. Kila jina si jina la rangi tu: lina amri ndani yake. Hapa panda viazi na karanga, hapa mtama, hapa pamba. Hapa usilime ila mvua imeshika. Hapa jenga nyumba.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo, Bwana Geoffrey Milne wa kituo cha uchunguzi cha Amani kule Usambara, alitangaza kwa wataalamu wenzake kwamba udongo wa Afrika ya Mashariki hufuatana kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni, kama pete za mnyororo. Akaupa utaratibu huo jina la Kilatini, "catena", maana yake mnyororo. Na mpaka leo wanafunzi wa elimu ya udongo duniani kote hulisoma neno hilo. Sisi hatumpunguzii heshima Bwana Milne. Alikuwa mtu wa kazi, na alitembea. Lakini twawauliza: mkulima ambaye ana jina kwa kila pete ya mnyororo, naye akachagua mbegu kwa pete hizo miaka mingi kabla ya kitabu kuandikwa, je, yeye hakuvumbua kitu? Tofauti baina yao ni daftari.

Tazameni na bondeni kule. Vile viboma vya udongo vilivyozunguka vishamba vya mraba ni majaluba ya mpunga. Maji ya mvua yashukayo mteremkoni hukamatwa humo yakakaa. Mbuga ambayo kwa jembe la mkono ilikuwa haifai kitu ila malisho, imekuwa shamba la chakula na la fedha. Hapana bwawa wala mfereji wa saruji. Ni ukuta wa udongo wa kimo cha goti, na mtu anayejua maji yatapita wapi.

KITUO CHA TATU: KWA FUNDI WA PLAU

Tusimame hapa kivulini. Mwaona majembe ya plau yaliyochakaa, minyororo, nira, na magurudumu ya mkokoteni. Fundi huyu ametukubalia tumkatishe kazi kidogo, nasi twamshukuru.

Plau haikubuniwa Usukuma; ililetwa kutoka ng'ambo. Lakini kuleta chombo ni jambo moja, na kukifanya kiwe cha nchi ni jambo la pili. Msukuma alikuwa na ng'ombe wengi tangu zamani, naye aliwaona kuwa mali, mahari na maziwa. Kuwafanya wavute jembe kulitaka fikira mpya. Alihitaji kuchagua maksai, kuwafundisha wawili wawili, kuchonga nira kwa miti ya kwao, na kupatana na jirani, maana si kila mtu aliyekuwa na maksai, wala si kila mwenye maksai aliyekuwa na plau. Ndipo yakazuka mapatano: huyu atoa ng'ombe, yule atoa plau, mwingine atoa vijana, leo kwako, kesho kwangu. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili plau ilienea haraka, hata mbuga nzito zikafunguliwa kwa pamba.

Na mapatano hayo hayakuanza na plau. Kabla yake vijana wa kila kijiji walikuwa na utaratibu wao wa kazi chini ya nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Na vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vilishindana kwa nyimbo na kwa jembe. Wageni wengi huutazama mchezo wa bugobogobo, majembe yakirushwa hewani kwa mdundo, wakadhani ni burudani tu. Ni burudani, lakini pia ni chombo cha kazi: ngoma yapima mwendo, wimbo wazuia uvivu, na shamba ambalo mtu mmoja angelilima kwa majuma laisha kwa siku moja. Haki ya kila mtu, zamu yake, na adhabu ya asiyefika vilijulikana bila karatasi.

KITUO CHA NNE: MIZANI

Hapa ni ghala la pamba. Wenzetu wageni wafahamu kwamba katika misimu mingi Mkoa wa Simiyu, uliotengwa mwaka 2012, hutoa kiasi cha nusu ya pamba ya Tanzania nzima, na pengine kupita. Basi mizani hii mnayoiona ndiyo kiti cha hukumu. Kazi yote ya mwaka wa mkulima, mke wake na watoto wake, huwekwa juu yake kwa nukta chache, na mshale ukisema, umesema.

Zamani, yaani miaka ya 1940, Bariadi ilipokuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa, mkulima aliuza pamba yake kwa wafanya biashara wa jineri na mawakala wao. Mzani ulikuwa wa mnunuzi, msomaji wa mzani alikuwa wa mnunuzi, na karatasi iliandikwa na mnunuzi. Mkulima asiyejua kusoma alipokea alichopewa. Mzee mmoja tuliyemwamkia nyumbani kwake alituambia, "Wanangu, baba yangu alikuwa akiweka mawe nyumbani ya kupimia mzigo wake, jiwe hili na jiwe hili. Alijua ameibiwa, hakujua kulisema kwa hesabu."

Hilo ndilo tatizo lililotatuliwa, nalo lilitatuliwa kwa njia rahisi kiasi cha kushangaza. Karibu na mwaka 1950 wakulima na wafanya biashara Waafrika wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kijana ajuaye kusoma tarakimu alikaa na mzani, akapima pamba ya mkulima kabla haijafika kwa mnunuzi, akaandika ratili zake katika kikaratasi. Basi, ni hilo tu: mzani wa pili na kalamu ya pili. Mnunuzi akitaja hesabu yake, mkulima alikuwa na hesabu ya kuiweka kando yake.

Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama. Bwana Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, alizunguka vijijini akawakusanya wakulima. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, mwaka 1953 vyama vya kwanza vya msingi vikaandikishwa, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa la Victoria. Mwaka 1956 shirikisho hilo lilikuwa na jineri yake lenyewe kule Kasamwa, Geita. Na kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 pamba yote ya Jimbo ilikuwa ikipita mikononi mwa wakulima wenyewe. Watu waliotoka katika kibarua cha kupimiwa walifika kwenye cheo cha kupima.

Hatutaficha yaliyofuata, maana matembezi ya kusifu tu si matembezi ya watu wazima. Shirikisho lilikua upesi kuliko hesabu zake. Manung'uniko yakawa mengi, na mwaka 1968 Serikali ikaliweka chini ya usimamizi wake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na katika miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kampuni binafsi. Kila badiliko lilipokuja, neno la kwanza la mkulima lilikuwa lile lile la baba yake yule mzee: nani anausoma mzani? Kwa hiyo, wenzetu, yeyote kati yetu atakayetumwa kuandika ripoti juu ya pamba, asianze na bei. Aanze na mzani.

Na kabla hatujaondoka hapa, shikeni mbegu hizi viganjani. Mbegu za pamba za nchi yetu hupewa herufi U na K. Ile UK 91 ilipandwa miaka mingi, kisha ikaja UKM 08. Karani mmoja kijana alituambia kwamba alidhani herufi hizo ni za Uingereza. La! Ni za Ukiriguru, kituo cha uchunguzi kilichoko karibu na Mwanza, ambacho tangu miaka ya 1930 kimekuwa kikichagua pamba yenye malaika katika majani, ambayo wadudu wafyonzao hawaipendi, na yenye kuvumilia ugonjwa wa mnyauko na madoa. Lakini kituo chatoa mbegu kidogo tu. Ni mashamba ya wakulima yanayozizidisha, na ni jineri inayozitenga na nyuzi ili zirudi shambani. Mbegu za eneo moja zikichanganywa na za eneo jingine, kazi ya miaka yote yaharibika kwa gunia moja. Basi hapa pia uvumbuzi ni wa watu wengi: mtaalamu, mkulima, na yule mtu wa ghala ambaye hachanganyi magunia.

KITUO CHA TANO: NGITILI

Sasa tumetoka mjini, nasi twawaomba radhi wale waliovaa viatu vyembamba. Mbele yetu ni majani marefu na migunga, na hapana hata ng'ombe mmoja ndani, ijapokuwa nje ya mpaka ardhi imelambwa ikawa nyeupe. Hapana seng'enge. Hii ndiyo ngitili.

Kazi yake ni hii. Mvua zinapoanza, mwenye eneo, au kijiji, hulifunga, mnyama haingii. Majani hukua, hukomaa, hukaukia hapo hapo yakawa kama ghala lililosimama. Kiangazi kinapokuwa kikali, na malisho ya nje yamekwisha, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wagonjwa na wazee, na kwa maksai ambao watahitajiwa kulima mvua ikirudi. Humo pia hupatikana kuni, dawa, asali, miti ya kujengea, na majani ya kuezekea. Atakayevunja mpaka huitwa mbele ya wazee, na kusanyiko la dagashida huamua malipo yake. Ni benki, wenzetu, ambayo fedha yake ni majani.

Twataka mfikirie mambo mawili yaliyotendeka juu ya ardhi hii hii, maana hapa ndipo penye fundisho letu.

La kwanza. Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakawa Malya. Watu wa mpango ule hawakuwa wajinga, wala nia yao yote haikuwa mbaya: waliona mmomonyoko, wakaogopa, nao mabwawa waliyochimba yaliwafaa watu. Lakini waliweka amri juu ya amri: funga matuta, lima mihogo kiasi hiki, tia samadi, punguza ng'ombe, uza kila mwaka. Asiyefanya alitozwa faini. Matuta yale ya kufungwa yalitaka jembe la mkono na siku nyingi. Kwa mtu aliyekwisha kununua plau ilikuwa ni kuambiwa arudi nyuma. Watu wakachukia, amri zikawa kuni za siasa, na ilipofika mwaka 1958, baada ya ghasia za Geita, amri nyingi zilikuwa zimeachwa. Na kama mlivyosikia barazani, kitu ambacho mchwa walituachia ni stakabadhi zake.

La pili. Miti ya nchi hii ilikatwa kwa miongo mingi: ilikatwa tangu miaka ya 1920 ili kumfukuza mbung'o, ikakatwa kwa mashamba ya pamba na tumbaku, ikakatwa kwa kuni. Watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974 na 1975 waliziacha ngitili zao nyuma bila mlinzi, nazo zikaliwa. Mwalimu Nyerere alipozuru Shinyanga mwaka 1984 alisikitishwa na jangwa aliloliona, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Na Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Maofisa wa HASHI hapo kwanza walileta miche ya kupanda, kama desturi ya maofisa. Kisha wakafanya jambo ambalo sisi twaliona kuwa ni uvumbuzi mkubwa kuliko yote ya ofisi: waliwauliza wazee, "Ninyi mlikuwa mkifanyaje?" Wazee wakajibu, "Ngitili."

Matokeo yake yamehesabiwa. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikupita kiasi cha hekta 600. Ilipofika mwaka 2003 zilikuwa zimefika hekta 350,000 na zaidi, katika vijiji 833. Wataalamu walioupima uchumi wake, katika ripoti ya mwaka 2005, walikadiria kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilikuwa kama dola 14 za Kimarekani kwa mwezi, hali matumizi ya kawaida ya mtu wa shamba nchini yalihesabiwa kuwa dola 8 na nusu. Watu wale wale walioandikwa kuwa wabishi katika miaka ya 1950 walifunga maeneo yao kwa hiari, bila seng'enge, na bila karani wa faini.

Je, ardhi ilibadilika? La. Je, watu walibadilika? La. Kilichobadilika ni swali la ofisa.

MAMBO YA SIKU ZA KARIBUNI

Jua limepanda, nasi tutayapitia haya kwa haraka tukiwa njiani kurudi. Wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, wakulima wengi wamelima pamba isiyopigwa dawa za sumu, wakipanda alizeti kati ya mistari ili kuwavuta wadudu, na kuiuza pamba hiyo kwa watu wa ng'ambo wanaoitaka hivyo. Wilayani Maswa, katika miaka ya 2010, vijana walianza kutengeneza chaki za shule. Wale miongoni mwenu mliokuwa walimu mwajua thamani ya chaki isiyovunjika. Na hapo Nyakabindi, kando ya mji wetu, ndipo sherehe za Nane Nane za taifa zilipofanyika kwa miaka mitatu, 2018, 2019 na 2020, watu wa mikoa yote wakaja kutazama kilimo hapa, badala ya sisi kwenda kutazama kwao.

Haya ni mazuri, nasi twayafurahia. Lakini mwaona kwamba yote yamekwisha kuandikwa na kupigwa picha, kwa hiyo hayatatupotea upesi. Hofu yetu ni kwa yale mengine.

MANENO YA MWISHO

Wanachama wenzetu, tumerudi barazani tulipoanzia. Twalirudia lile jambo moja tulilowaahidi. Katika vituo vyote mlivyopita hamkusikia jina la mtu aliyegundua luseni na itogolo, wala la aliyejenga jaluba la kwanza, wala la kijana aliyeusoma mzani wa kwanza katika Maswa, wala la mzee aliyefunga ngitili ya kwanza. Hatukuwaficha. Hayajaandikwa. Majina mliyoyasikia ni ya watu walioandika, au walioandikwa na wengine. Na wale ambao wangeweza kuyaandika walikuwa makarani, watu kama sisi, walioketi katika baraza hii hii, kalamu mkononi, wakimwita mtu aingie, wakimwuliza jina lake, kisha wakaliandika katika kitabu cha faini.

Hatuwalaumu, walikuwa watu walioagizwa, na mshahara ulikuwa mdogo. Lakini sisi tukifanya vivyo hivyo tutakuwa hatuna udhuru, maana tumekwisha kuona.

Basi twaomba mambo matatu, yasiyotaka fedha ya Chama. Kwanza, kila mwanachama anunue daftari moja la shule, na kabla ya mvua kuanza aende kwa mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, amwamkie kwa heshima ya kwao, amwulize ni jambo gani la kazi lililoanzwa na yeye au na mzazi wake, aliandike pamoja na jina, kijiji na mwaka. Asimwulize akiwa amesimama, aketi. Pili, madaftari hayo yawekwe katika sanduku la bati, juu ya mawe, mbali na mchwa. Tatu, nalo ndilo zito: mmoja wetu anapoagizwa kuandika katika ripoti kwamba watu wa mahali fulani "wamekataa", asiweke nukta hapo. Aandike na sababu yao, kwa maneno yao. Pengine sababu hiyo ndiyo ngitili ya kesho.

Methali tuliyoanza nayo yasema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi leo twaongeza kwamba kuna mali ambayo mwenyewe hajui kama ni mali, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Kazi ya kuuliza ni yetu.

Twamshukuru fundi, twamshukuru mtu wa ghala, twawashukuru wazee waliotufungulia mipaka ya ngitili yao. Chai i tayari. Baada ya chai madaftari yatagawiwa mezani pa Katibu, na atakayechukua ataandikwa jina lake.

Wasalaam.